Fundi Atakayefuata

Land Rover ilizaliwa kutokana na gari kuukuu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na shughuli za shamba alizifanya kwa Jeep iliyoachwa na vita. Jeep ile ilizidi kuchakaa na gari la kuishika nafasi yake halikuwapo. Mwaka 1947 kampuni yake ikaunda gari la majaribio: ikachukua chasisi ya Jeep, ikaitia injini ya Rover. Aprili 1948 Land Rover yenyewe ikaonyeshwa Amsterdam. Kwa hiyo mtu anayeiona Land Rover 109 ya leo yenye injini ya Isuzu na kulalamika kwamba imepotezewa asili yake, aikumbuke Jeep ya Anglesey. Kuunganisha kilichopo na kilichopo ndiyo asili yenyewe.

Uhaba wa miaka ile unaonekana bado kwenye bodi. Uingereza ilikuwa na chuma kidogo, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, mabamba yakaachwa bapa ili yasihitaji mitambo ghali ya kuyafinyanga, na vipande vingi vikafungwa kwa bolti. Sisi tulio mbali na kiwanda tunaula uhondo wa ufukara ule. Madigadi yaliyobonyea Monduli hufunguliwa kwa spana mbili, hunyooshwa kwa nyundo na gogo, hurudishwa siku hiyohiyo. Chasisi, kwa upande wake, ni chuma, na chuma huoza. Aloi ikigusana na chuma penye unyevu, aloi huliwa na kuacha unga mweupe. Gari lililokaa Tanga au Dar es Salaam lipigwe nyundo ndogo kwenye mikono ya chasisi na boriti ya nyuma kabla mnunuzi hajaitazama rangi. Penye uzima nyundo hulia. Penye kutu sauti hufa.

Nayapenda magari haya, lakini ninachotaka kukisifu ni kazi ya kuyatunza: kazi ya mtu mwenye fedha kidogo, gari la zamani na barabara mbaya. Kazi hii ina akili yake. Kwangu mimi ubora wake hauko kwenye ung'avu wa gari wala kwenye idadi ya vitu vilivyoongezwa. Upo katika jambo moja: fundi usiyemjua, wa Mto wa Mbu au Loliondo, akilifungua gari lako usiku kwa mwanga wa tochi, je, ataelewa kilichofanyika?

Utunzaji huanza kwa mikono kabla ya pochi. Mzee mmoja wa gereji ya Unga Limited, Arusha, hakuwa akimruhusu kijana yeyote kushika spana kabla hajalipima gari. Gurudumu la mbele likishapandishwa kwa jeki, alikuwa akisema, "Shika juu na chini, kijana. Tikisa."

"Linacheza, mzee."

"Mwenzio akanyage breki. Tikisa tena."

"Limetulia."

"Hiyo ni beringi. Lingeendelea kucheza, ningekupeleka kwenye kingpini."

Breki ikikanyagwa, habu hufungamana na ekseli, na ulegevu wa beringi hufichika. Unaosalia unatoka mahali pengine. Kisha unashika gurudumu kushoto na kulia, na hapo unaziuliza ncha za usukani. Kipimo chote hakimalizi muda wa kunywa chai, na hakuna shilingi iliyotoka. Nimeona wenye magari wakibadilisha shokapu, halafu matairi, halafu usukani mzima, kuufukuza mtikisiko ambao mikono miwili ingeuonyesha.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho ningependa kila mwenye gari la aina hii akijue, nacho ni kitundu cha kupumulia juu ya ekseli. Difu ikifanya kazi hupata joto, hewa ndani yake hutanuka, na hutokea kwenye kitundu hicho chenye valvu ndogo. Vumbi na matope yakikiziba, hewa hutafuta njia nyingine na kuisukuma oili kwenye sili. Mwenye gari huona oili ikichuruzika, hununua sili mpya, na baada ya wiki chache sili mpya nayo inavuja. Kubaya zaidi ni mtoni. Difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa ghafla na kuvuta. Kitundu kikiwa kimeziba au kimezama, difu huvuta maji. Fungua kizibo cha chini asubuhi yake: oili imegeuka rangi ya maziwa, na meno ya difu yameanza kuhesabiwa siku zake. Dawa ni kukisafisha kitundu kwa petroli na, kama gari linavuka mito, kukifungia bomba jembamba la mpira linalopanda hadi kwenye chumba cha injini. Hakuna uboreshaji unaolipa kuliko huo kwa bei yake, na hakuna anayekuona barabarani akausifia.

Filta ya hewa ya magari ya zamani ni hivyohivyo. Ni bakuli la oili: hewa hupita, vumbi hunaswa kwenye oili, na oili ikigeuka tope unaimwaga, unaosha bakuli, unatia nyingine. Katika vumbi la Simanjiro bakuli linahitaji kuangaliwa mara kwa mara, lakini halihitaji duka. Wapo wanaoling'oa ili waweke filta ya kisasa ya karatasi yenye sura ya mashindano. Siwaelewi.

Springi za pleti zinahitaji maneno zaidi, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea kwa nia njema. Pleti zikikauka na kupata kutu hushikana, na springi huacha kuwa springi. Gari hurukaruka na dereva huamua kwamba limelegea, kwa hiyo anaongeza pleti. Sasa springi ni gogo. Kila shimo ambalo springi ingelimeza hupelekwa kwenye chasisi, na baada ya msimu mmoja nyufa zinaonekana penye viungio vilivyochomelewa. Mafundi wenye subira hufanya kinyume: hufungua yuboti, hutenganisha pleti moja moja, hukwangua kutu, hupaka grisi, hubadilisha senta bolti na bushi, kisha hurudisha. Springi iliyolala kwelikweli hupelekwa kwa wanaoipinda upya kwenye moto. Gari likirudi barabarani baada ya kazi hiyo, dereva hudhani amebadilishiwa kitu kikubwa.

Hapo tena, baada ya kilichopo kufanya kazi yake, ndipo mtu aongeze. Ningeanza na breki. Matoleo ya awali ya 109 yalikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Matoleo ya baadaye ya Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, yaliweza kuwa na masta silinda ya njia mbili pamoja na sevo, na vifaa hivyo huweza kuhamishwa kutoka gari bovu kwenda gari zima. Kwenye mteremko wa ukingo wa Bonde la Ufa, kutoka Karatu kushuka Mto wa Mbu, sioni kifaa kingine kinachostahili kutangulia. Na hata hapo, drami za zamani hazijirekebishi zenyewe. Nyuma ya bamba la kila gurudumu kuna bolti ya kusogezea breki, na wengi huhangaika kutoa upepo wakati bolti hiyo ndiyo iliyosahaulika.

Taa zifuate. Katika magari haya umeme wa taa kubwa hupita kwenye swichi ileile anayoishika dereva, ukazunguka kwa waya wa miongo mingi hadi mbele. Sehemu ya nguvu hupotea njiani. Relei mbili, fyuzi na waya mnene kutoka betri, na taa zilezile za zamani hutoa mwanga ambao hazijautoa kwa miaka.

Matairi mapana ni suala la macho. Saizi ya 7.50-16 ni nyembamba kwa sababu: kwenye matope huchana hadi kufika udongo mgumu chini. Tairi pana huelea juu ya tope, huufanya usukani usio na pawa uwe mzito, na huzitwisha mzigo beringi na shafti. Kwenye mchanga mpana ndiyo ina faida, lakini huko hata nyembamba ikipunguzwa upepo hupita.

Injini ndiyo inayozungumzwa zaidi, na ningeiweka mwisho. Ile ya petroli ya lita 2.25 hunywa sana, na mfuko una haki ya kuikataa. Injini ya dizeli ya 200Tdi, iliyotoka kwanza kwenye Discovery mwaka 1989, hufungika kwenye giaboksi ya 109 bila kutengeneza bamba la kuunganishia, na kwa sababu hiyo naiona ndugu wa karibu. Isuzu ya 4JB1 inahitaji bamba la kuchongwa kwenye mashine, lakini spea zake zimejaa kwa kuwa magari mengi ya mizigo yanaitumia. Vyovyote utakavyochagua, giaboksi na difu vilibuniwa kwa nguvu ndogo. Mguu wa dereva lazima ujifunze upya. Anayetoka kwenye ya petroli aliizoea cheni ya taimingi. 200Tdi hutumia mkanda wa taimingi, na mkanda hubadilishwa kwa ratiba, haungojwi ukatike.

Tena magari haya hayaongezeki. Kwa jirani zetu Kenya, gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo Land Rover za zamani zilizopo ndizo hizohizo, zikiwemo zilizounganishwa Thika. Kila moja inayokatwakatwa vyuma chakavu imepunguza idadi isiyoongezeka. Hii ni sababu nyingine ya kuogopa kazi ya fundi anayekata waya bila kuziwekea alama, anayechomelea kinachopaswa kufungwa bolti, anayetoboa chasisi mahali popote mkono wake ulipofika. Gari lake litatembea leo. Litakapokwama, atakayelikuta ataanza kwa kubuni.

Mzee wa Unga Limited alikuwa na desturi ambayo nimeichukua kwake na ninaisisitiza kwa kila anayeniomba ushauri. Injini ikibadilishwa, upande wa ndani wa boneti huandikwa kwa brashi na rangi ya mafuta, herufi kubwa: injini ya gari gani, filta ya oili namba ngapi, klachi imetoka kwenye gari lipi, mkanda umefungwa kilomita ngapi. Nati zilizobadilishwa nyuzi huandikwa saizi ya spana yake. Relei za taa nazo huchorwa hapo, waya kwa rangi yake, na fyuzi ni ya ampea ngapi.