Reli Ndogo Bila Watu

Treni ya Kenya inayojulikana zaidi na watoto duniani haijawahi kupita Dagoretti. Inaitwa Nia. Ina rangi ya chungwa, ubavuni ina nakshi za kukumbusha kitenge, na ilianza kuonekana mwaka 2018 kwenye katuni za Thomas, kile kichwa cha treni cha bluu chenye uso. Kama uko na mpwa wa miaka minne, pengine ushaikanyaga usiku sebuleni ukienda kutafuta maji.

Naipenda Nia. Ni treni ya kike, jina lake ni la Kiswahili na halijaharibiwa matamshi, na walioichora walifanya kazi. Wapenzi wa injini wanasema imefuata umbo la ED1, kichwa kidogo cha mvuke kilichotumika kwenye Reli ya Kenya na Uganda. Yaani kuna mtu mahali alifungua vitabu, akatafuta injini iliyotembea huku kwetu, akaipaka rangi na kuipa macho. Lakini angalia hadithi yake inaelekea wapi. Nia anakutana na Thomas Afrika, kisha anahamia Sodor, kisiwa cha kubuni kilicho kando ya Uingereza, na kazi yake inaendelea huko. Tumepata treni ya Kenya isiyo na Kenya. Hakuna stesheni ya kwao, hakuna abiria wa kwao, hakuna anayemngoja.

Hili si tatizo la katuni moja. Ni tabia ya zamani ya mchezo mzima wa kujenga reli ndogo, na ndiyo nataka tuiongelee.

Kwanza, kwa ambaye hajui hii kitu. Kuna watu wazima, wengi wao Ulaya, Marekani na Japani, ambao kazi yao ya jioni ni kujenga reli juu ya meza. Si kununua tu kichezeo kikazunguka. Wanapima, wanakata, wanachomelea nyaya chini ya mbao, wanapaka kutu ya rangi kwenye behewa ili lionekane limepigwa na mvua. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni 1:87, ambapo kilomita moja ya reli inakuwa mita 11 na nusu. Kwa hivyo hakuna mtu anayeweza kujenga njia yote. Lazima uchague. Stesheni hii ndiyo, ile hapana. Mwaka huu ndiyo, ule hapana. Mimi nasema hapo kwenye kuchagua ndipo mchezo unaacha kuwa mchezo tu, na meza inakuwa maoni ya mtu kuhusu nini kilikuwa na maana.

Ukitaka kujenga reli ya Nairobi kwa kipimo hicho, shida inaanza chini kabisa, kwenye upana. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja. Reli ndogo za kawaida madukani zimepimwa kwa njia za milimita 1,435, upana ule ule wa SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Ukipunguza mita moja mara 87 unapata karibu milimita 12, na anayetengeneza njia za upana huo kwa wingi anafikiria treni za milimani kule Uswisi, ambako pia kuna reli za mita moja. Kwa hivyo fundi anayetaka kupitisha treni yake Kibera ataanza kwa kuagiza mataruma ya Uswisi. Mimi hiyo inanichekesha, na pia naiona ni haki yake. Ukiwa mpenzi wa kitu kilichosahauliwa na viwanda, unaazima kwa jirani na kuendelea.

Halafu kuna kichwa chenyewe. Ukiuliza wapenzi wa treni duniani kuhusu Afrika Mashariki, watakutajia Garratt za daraja la 59. Zilitengenezwa 34, na kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester, mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 na zaidi na urefu wa mita 31 na kitu. Ujanja wake ni huu: tangi kubwa la mvuke limening'inia katikati, na chini yake mbele na nyuma kuna injini mbili, kila moja na magurudumu yake manane ya kuvuta. Zile injini mbili zinageuka zenyewe, kwa hivyo lijoka lote linaweza kukunja kona kali likivuta mzigo kutoka usawa wa bahari mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Kwa 1:87 linakuwa na urefu wa sentimita 36 hivi, na kulifanya likunje kona mezani bila kuanguka ni kazi ya kweli. Mafundi wanaofanikiwa nawavulia kofia.

Sasa tuje kwa watu. Nilisoma usanifu wa majengo miaka miwili na nusu kabla ya kuacha chuo. Mengi ya kule yamenitoka, lakini modeli za kadibodi bado naziona. Ukimaliza jengo lako, unaambiwa uweke watu wawili watatu hapo mbele, ili anayeangalia ajue mlango una urefu gani. Hawana kazi nyingine. Hapo mtu ni rula.

Kwenye reli ndogo ni karibu vivyo hivyo. Watu wa 1:87 wana urefu wa sentimita mbili na wanauzwa kwa boksi: bwana na mkoba, mama na mwavuli, mzee kwenye benchi, askari wa stesheni na kipenga. Wengi wao ni Wazungu wa miaka ya 1950. Mimi sijaona boksi la makanga, mama mboga na mse wa kubeba magunia kwa mkokoteni. Unaweza kuwapaka rangi upya, lakini mkao wa mwili haupakwi rangi. Mtu anayengoja treni ya Uswisi hasimami kama mtu anayengoja treni ya Limuru.

Ukitaka kuona hii tabia kwa ukubwa wa kweli, shuka tao, uvuke Haile Selassie, uende Makumbusho ya Reli. Yalifunguliwa mwaka 1971, na mimi huyaona kama meza kubwa ya reli iliyojengwa kwa kipimo cha 1:1. Kule nje zimesimama Garratt mbili, nambari 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania, kumbukumbu ya siku ambazo shirika la reli lilikuwa moja kwa nchi tatu. Kuna nambari 3020, inayoitwa Nyaturu, na 2921, Masai of Kenya, kwa sababu injini za madaraja hayo zilipewa majina ya makabila. Simama mbele ya gurudumu la Garratt na utanyamaza kidogo, hata kama treni hazikubambi. Chuma ni chuma.

Kuna pia behewa la Charles Ryall, ofisa wa polisi aliyetolewa humo na simba usiku, stesheni ya Kima, mwaka 1900. Kila mwanafunzi anayepelekwa pale anarudi na hiyo stori. Tunajua jina la aliyeliwa, cheo chake na dirisha la behewa lake. Sasa hesabu upande wa pili. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa vibarua na mafundi karibu 32,000 kutoka India kujenga njia ya Mombasa mpaka Kisumu, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ukiongeza Waafrika waliokata msitu, kubeba maji na kubeba mataruma, umati ni mkubwa zaidi. Makabila yamebandikwa ubavuni mwa injini kama mapambo, lakini aliyeshika nyundo hana bamba lake. Nasema haya kwa upendo, kwa sababu pale ni mahali pazuri. Lakini ni mtindo ule ule wa mezani: chuma kimepimwa mpaka skrubu ya mwisho, na mtu amewekwa pale simba anapohitaji chakula.

Huku kwetu Kawangware kuna modeli za aina nyingine. Chukua waya wa ua, koleo, vifuniko vya soda, patipati iliyokatika ya kufanya tairi, pakiti ya maziwa ya kufanya bodi. Mtoto anakunja gari lenye usukani mrefu unaofika kifuani, na analiendesha akikimbia nyuma yake, mdomo ukifanya kazi ya injini. Kipimo chake si 1:87 wala 1:20. Kipimo ni mkono wa mtoto. Lakini angalia ni magari gani hutengenezwa: matatu, lori, basi la 46. Treni ni nadra. Nimewaza sana kwa nini, na jibu ninaloliamini ni kwamba treni haina usukani. Huwezi kuikatisha kona ukamkwepa mtu kwa matope. Tena treni inahitaji njia iliyolazwa tayari, na nani atakulazia njia Kawangware?

Watu hupenda kuyaita magari ya waya ubunifu wa umaskini, halafu wananunua moja la kuweka kabatini. Mimi naona ni modeli kamili kuliko nyingi za maelfu ya shilingi, kwa sababu moja: haiwezi kusonga bila mtu. Dereva yumo ndani ya muundo. Ukimtoa, inabaki waya.

Najua utetezi uliopo. Ni hobi tu, acha watu wapumzike. Mtu ametoka kazini, anataka dunia ndogo ambayo treni hazichelewi na hakuna anayemwomba kitu. Hiyo naielewa kabisa, mimi mwenyewe ningelipa kuishi humo wikendi mbili. Na kuna wajenzi duniani wanaoonyesha migomo, mabohari yaliyofungwa, vitongoji vilivyochoka, na meza zao hazijapoteza utamu. Kwa hivyo silaumu udogo wala starehe. Nalaumu uvivu wa kuangalia. Mtu anayeweza kuhesabu misumari ya tangi la mvuke ana macho ya kutosha kuona nani amekaa kando ya reli.

Na hapa Nairobi kukaa kando ya reli si mapambo ya mandhari. Kibera watu wanatembea juu ya mataruma kwenda kazini, na wanauza viatu na samaki hatua chache kutoka kwa chuma. Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli hapo, na ujumbe ulifika mpaka Uganda, kwa sababu mizigo ya Kampala ilipita hapo hapo. Muthurwa, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, wapangaji walianza kubomolewa mwaka 2010, na mwaka 2013 mahakama ikasema haki zao zilikiukwa. Hizo zote ni historia za reli. Hakuna moja inayouzwa kwa boksi.

Sai kuna mpango wa Railway City, mji mpya kwenye ekari 425 za ardhi ya kati ya jiji, kuzunguka stesheni kuu. Mradi wa namna hiyo huanza kama modeli: kwanza kwenye kompyuta, kisha kwenye meza ya kioo mahali fulani, na wakubwa wameinama juu yake wakipigwa picha. Picha za miradi kama hii hufanana. Miti imekomaa siku ya kwanza, jua ni la saa kumi jioni, watu ni wachache na hakuna hata mmoja aliyebeba kitu kichwani. Ni rula tena. Tofauti ni kwamba hii meza itajengwa kweli, kwa 1:1, na asiyekuwa juu yake wakati ikiwa ndogo atapata shida kutafuta nafasi ikiwa kubwa.

Ndiyo maana nasisitiza mambo ya watu wa sentimita mbili. Tunajifunza kuangalia jiji kutoka juu tukiwa watoto, na treni ya plastiki mkononi.

Mtu akiamua kujenga reli ya Nairobi mezani, namwomba achukue mita 11 na nusu tu, kilomita moja ya Kibera. Aagize mataruma yake Uswisi, sawa. Garratt ailete baadaye, hata akichukua miaka miwili kuifanya ikunje kona. Lakini kabla ya chuma chochote, aanze na mama wa samaki, na nafasi ya kutosha ya kuvuta karai lake treni ikipita. Afikirie mkao wa mgongo wake. Akiupata huo, nitapanda 46 na kuteremka popote kwenda kuiona hiyo meza.