Neno "Moot" na Wafasiri Wake

Wafasiri wengi hulifasiri neno la Kiingereza "moot" kuwa "lisilo na maana". Sisi twaona wamekosa. Asili yake ni neno la kale la Waingereza lililotaja baraza ya watu. Ndipo likawa sifa ya jambo lililo wazi kujadiliwa, na hata leo Waingereza wengi hulitumia hivyo. Wanafunzi wa sheria wa London nao waliliita hivyo shauri la kubuni, la kujizoeza kutetea. Na kwa kuwa hukumu ya shauri kama hilo haimpi mtu haki wala haimnyimi, Wamarekani hulitumia kwa jambo ambalo kuliamua hakufai kitu tena. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ililiacha shauri la DeFunis, aliyedai kuingizwa katika chuo cha sheria. Maana alikwisha kuingia kwa amri ya mahakama ya chini, naye alikuwa karibu kumaliza masomo. Shauri lenyewe halikuwa upuzi. Wakati wake ulikuwa umepita.

Basi mfasiri na aulize kwanza: msemaji ni wa nchi gani? Asipouliza, Mwingereza atasema, "Na tujadili," naye atafasiri, "Nyamazeni."