Heko, Mafundi wa Land Rover
Wamarekani wanaikumbuka Mustang ya mwaka 1964; sisi wa mkoa wa Mara tunalo Land Rover, gari lililozaliwa Uingereza mwaka 1948, na sifa zake nyingi, kwa maoni yangu, ni za fundi. Bodi ya alumini haishiki kutu, sawa, lakini fremu ni ya chuma, inaoza, na springi pasi hukatika kwenye makorongo ya njia za Butiama. Anayechomelea fremu hiyo Musoma au Bunda ndiye aliyelihifadhi gari. Watasema linakunywa mafuta. Kweli, linakunywa, tena sana! Ila gari la kisasa likigoma kompyuta, husubiri mashine ya kupimia; hili hudai spana na platini ya kuwashia injini iliyosuguliwa kwa msasa, kisha linawaka.