Faiba juu ya ubao uliooza

Siku za bamvua la mwezi mpevu niliteremka pwani ya Kunduchi. Mashua fulani ya tanga moja, iliyokuwa ikiandaliwa kwenda Kilindoni, Mafia, na upepo wa kaskazi, ilipandishwa vizuri, ikagadimiwa vizuri, kisha ikaharibiwa mchana kweupe na watu watatu wenye brashi.

Haki yao niwape. Henza mpya, foromali imefungwa upya pale ilipoungwa, tanga limetiwa viraka vya maana. Hongera.

Sasa twende kwenye ubao wa tatu kutoka mkukuni, upande wa kushoto. Fundi aliuchokoa kwa ncha ya kisu na kisu kikaingia hadi mpini, kama kwenye papai. Kila aliyekuwepo alikiona. Tena kabla ya fundi, kijana mpishi alikwisha kuutia alama ya mkaa. Huyu ndiye analala chomboni, anakoka jiko lake ndani ya debe la mchanga, na usiku ndiye anayeamka kufua maji. Anajua maji yanaingilia wapi kuliko mtu yeyote aliyekuja asubuhi na daladala, mimi nikiwamo. Ubao wa mninga wa kubadilishia ulikuwepo, umeegeshwa ukutani hatua ishirini kutoka chomboni. Misumari ilikuwepo. Pamba ya kukalafatia ilikuwepo. Kilichokosekana ni subira tu, maana bamvua lina siku zake na mwenye chombo alitaka kuondoka na maji yaleyale. Basi ubao uliooza ukamwagiwa resini, ukabandikwa faiba, juu ikapigwa rangi nyeupe.

Nilimuuliza fundi, "Na ubao wenyewe je?" Akanijibu kwa adabu, "Mzee wangu, faiba itaubana."

Haitaubana. Mashua ile imekaa majini miezi, na jua la siku mbili hukausha ngozi ya mbao tu; moyo unabaki na maji yake. Resini haishiki kwenye unyevu. Halafu mbao zile zimekunywa sifa ya papa miaka na miaka, na mafuta yamezama ndani yake. Jaribu kubandika karatasi kwenye sambusa, uone itakaa muda gani.

Tuseme imeshika. Chombo cha mbao hakitulii: mbao hunywa maji zikavimba, zikianikwa hunywea, na kwenye mawimbi kila taruma linacheza kidogo na mwenzake. Ndiyo sababu pamba ya kalafati inafaa: mbao zikivimba inabanwa, zikinywea inatanuka kiasi. Faiba ni ngumu. Mbao zikicheza, yenyewe inapasuka ufa mwembamba kama unywele, maji yanapenya, na yakishapenya hayana pa kutokea. Yanakaa kati ya faiba na ubao, yakiozesha taratibu. Ubao uliooza zamani ulikuwa unaonekana, fundi akaugonga akasikia sauti yake. Sasa umevishwa koti, na msumari unaoushika kwenye taruma umebaki kushika uji.

Najua jibu la vijana: mbona boti za faiba zinadumu? Zinadumu kwa sababu zimezaliwa faiba, zimemiminwa kwenye kalibu tangu mwanzo. Hata mbao mpya, kavu, isiyojua mafuta, inaweza kuvishwa ikatulia. Hapa tunazungumzia mgonjwa aliyefungwa plasta kabla usaha haujatolewa.

Mimi ni mtu wa Kiwalani. Kwetu tunaamshwa na ndege zinazoshuka uwanjani, si na bahari, na kila nikiandika juu ya vyombo yupo anayenikumbusha hilo. Sawa. Lakini nenda gereji yoyote pale Bombom, mwambie fundi bodi apake puti juu ya kutu. Atakucheka. Akikubali, ujue amekuona ni mtu wa kuuza gari wiki ijayo. Kama bati la Corolla linastahili kukwanguliwa kwanza, vipi ubao unaobeba roho za watu kumi kwenye mkondo wa Mafia?

Ugonjwa wangu wa zamani umenirudia: kulalamikia injini. Pesa ya mashua ile ilianza kwa injini, ikaenda kwenye rangi, na mbao zikaambulia chenji. Mwaka hadi mwaka ninaona mpangilio huo huo, na kila mara mwenye chombo anashangaa injini inavyotikisa misumari.

Walioijua kazi walianza chini. Nahodha Ali bin Nasser al-Nejdi wa Kuwait, aliyesafiri na Mwaustralia Alan Villiers mwaka 1938 hadi 1939, akashuka mpaka Unguja na Rufiji kuchukua boriti za mikoko, hakuwa na injini ya kumsukuma akikosea. Na ile merikebu Sohar ya Tim Severin, iliyojengwa kwa mkono kule Sur, Oman, iliondoka Muscat Novemba 1980 ikafika Canton, China, Julai 1981. Haikuwa na msumari hata mmoja kwenye mbao zake. Zilishonwa kwa kamba za kumbi, kama mitepe yetu ya Lamu, na nje ikapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Mshono unakubali mbao zicheze. Deheni ikibanduka unapaka nyingine, na kila unapopaka unauona ubao. Yule mdudu anayetoboa mbao, ambaye kwa umbo ni mnyoo lakini ni wa jamii ya kome, anakutana na kinga inayofanywa upya, si koti linalomfichia shimo.

Msinibandike jina la adui wa vitu vipya. Mashua Flipflopi ya Lamu, iliyoundwa chini ya mkono wa fundi Ali Skanda, ni plastiki ya takataka tupu, na mwaka 2019 ilisafiri hadi Zanzibar, takribani kilomita 500. Lakini iliundwa kwa kanuni za jahazi: mkuku wa plastiki, mataruma ya plastiki, mbao za plastiki, kila kiungo kikicheza na kiungo cha aina yake. Mali mpya, ufundi wa kale. Kunduchi walichukua mali mpya wakaacha ufundi ufukweni.

Mashua sasa iko nangani. Juzi niliingia nikagusa ngama kwa mkono: ni kavu, nakubali, na mwenye chombo anapongezwa kwa hilo. Mwambieni asisafiri kwa kuutegemea ukavu huo. Baada ya siku chache tu kuna bamvua jingine, la mwezi mwandamo. Apandishe chombo, abandue faiba, ang'oe ubao wa tatu. Ule wa mninga bado umeegeshwa ukutani. Nimeupima, unatosha.