Kabla ya Kupiga Windows

Mteja anaweka laptop mezani, anasema imekuwa nzito. Fundi, wa kizazi kinachozidi kuadimika, hashiki bisibisi wala flashi. Anafungua dirisha jeusi la CMD, anaandika herufi tatu, ver, na mstari mmoja unajitokeza: Microsoft Windows, toleo 10.0.22631. Ameshaijua mashine kuliko mwenyewe aliyeileta.

Tarakimu hizo zinataka jicho. Windows 11 bado hujitaja kuwa 10.0, kwa hiyo anayeishia hapo amepotea. Fundi hukimbilia tarakimu za mwisho: kwenye kompyuta za kawaida, kuanzia 22000 kwenda juu ni Windows 11. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, nayo ilijitaja 6.1, maana Microsoft ilihofia kwamba programu zilizozoea kukagua tarakimu ya kwanza zingegoma kufanya kazi zikikutana na 7. Linux ilipotoka 2.6 na kuingia 3.0 mwaka 2011, baadhi ya programu zilichanganyikiwa vivyo hivyo, ikabidi iwekwe njia ya kuziambia kwamba bado ni 2.6. Kuanzia Windows 8.1, programu isiyotangaza kuwa inalitambua toleo hilo huambiwa iko kwenye 6.2, yaani Windows 8. Mashine zimefundishwa kuficha toleo lao, na chanzo ni ukaguzi ulioandikwa kivivu.

Kwa watu wa Unix desturi ya kuiuliza mashine toleo lake ni ya tangu miaka ya 1970, ilipozaliwa amri ya uname katika maabara za Bell huko Marekani. Kwenye Linux hutaja kiini cha mfumo tu. Anayetaka kujua kama ni Debian au Ubuntu husoma faili ya /etc/os-release. Mwenye Mac huandika sw_vers.

Lakini amri inayostahili kupendwa zaidi ni systeminfo ya Windows. Husubirisha kidogo, kisha hushusha orodha ndefu: jina la mfumo, toleo, aina ya prosesa, kumbukumbu, viraka vya usalama vilivyowekwa, na tarehe mfumo ulipowekwa. Tarehe hiyo fundi mzuri haipiti. Anamuuliza mwenye mashine, kwa upole: "Mama, hii kompyuta ilipelekwa kwa fundi mwaka jana?" Na anajua pia kwamba Windows ikipandishwa toleo kubwa, tarehe hubadilika, hivyo hamhukumu mtu kwa mstari mmoja. Anausoma pamoja na mingine.

Mstari wa viraka nao una uzito wake. Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilianza kusambaa duniani. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huohuo. Hospitali za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa, na kompyuta nyingi zilizoathirika duniani zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwa na kiraka hicho. Mtu angeweza kukaa mbele ya kila moja, akaandika amri, akasoma orodha.

Siku hizi neno linalotawala vibandani ni moja: "Tuipige Windows." Flashi inachomekwa kabla mteja hajamaliza maelezo, diski inafutwa, kisha ndipo anaulizwa kama alikuwa na mafaili. Ni sawa na fundi cherehani kukata kitambaa kabla ya kumpima mtu. Duka lenye programu ya hesabu iliyoandikwa zama za DOS, iliyokuwa ikienda vizuri kwenye Windows ya biti 32, linarudishiwa mashine yenye biti 64, na programu ile haifunguki tena, kwa sababu Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16. Mstari wa aina ya mfumo ndani ya systeminfo ungelisema hilo mapema. Mwenye duka ataambiwa programu yake ni ya kizamani. Vijana wanaojifunzia kazi kwenye vibanda hivyo wanaona flashi tu. Hawajawahi kumwona mtu akiiuliza mashine kwanza, na wanaoweza kuwaonyesha wanazidi kupungua mezani.