Taa ya Anayekuja Nyuma

Lori likiharibika huku kwetu Kongo, kati ya Butembo na Beni, utingo haanzi na injini. Huchukua panga, huingia kichakani, hukata matawi na kuyatandaza barabarani kwa mafungu: la kwanza mbali, la pili karibu kidogo, la mwisho nyuma ya tairi. Anayetokea kwenye kona za Kabasha akakuta majani mabichi katikati ya njia anajua kuna gari limesimama, hata kama ukungu umelificha. Kazi hiyo haina malipo, na anayeokolewa nayo hupita bila kujua amshukuru nani. Nimewasikia wazee wakiwakemea vijana walioondoa gari na kuyaacha matawi njiani. Alama isiyo na sababu, walisema, huwafundisha watu kutoamini alama.

Sifa yangu kwa mafundi wanaobuni taa za tahadhari za pikipiki inaanzia hapo kichakani, kwa kuwa kazi yao imetoka huko. Mtu anakaa mezani, ana chuma cha kulehemu na kopo la maziwa ya unga lililojaa resista, anamfikiria msafiri asiyemjua atakayekuwa nyuma ya motari, yaani mwendesha pikipiki, asiyemjua, usiku, mvua inanyesha. Anajiuliza msafiri huyo ataona nini, na ataelewa nini kwa muda mfupi alio nao kabla ya kushika breki.

Fundi ninayemzungumzia hapa ana meza yake kwenye baraza la duka katika komine ya Kimemi, mjini Butembo. Alianza na redio enzi za Zaire, akaingia kwenye televisheni, kisha simu, na sasa pikipiki ndizo zinazompa unga. Wateja humwita papa, nao wengi ni vijana wa umri wa wajukuu zake. Siku moja alikuja motari na Boxer mpya, plastiki ya kiti haijabanduliwa bado, akasema, “Papa, uniwekee ile ya bulu yenye kucheza.” Mzee aliizunguka pikipiki polepole, akakaa tena. “Bulu ya nini, mutoto? Mwenye kuwa nyuma yako atajua unageuka wapi?” Kijana alicheka, lakini aliondoka na taa mbili za rangi ya chungwa nyuma, mbili mbele, na nyekundu ya breki iliyoinuliwa juu kuliko ile ya kiwandani.

Kwa nini aliiinua? Kwa sababu aliyeichora pikipiki kiwandani aliweka taa ya nyuma kwa ajili ya mtu mmoja na abiria mmoja, wote wawili wamevaa vizuri, barabara ni lami. Pikipiki ya Beni hubeba gunia la kakao lililolazwa kwa upana. Ya Butembo hubeba makala (mkaa), mikungu ya ndizi, mabidoni ya mafuta ya mawese, mama na watoto wawili na mwavuli. Likoti la abiria wa mwisho linaning’inia mpaka kwenye kibao cha namba. Taa inawaka kama kawaida, ila inawaka ndani ya likoti.

Kwa hiyo mzee hakabidhi kazi yake kabla ya kuijaribu pamoja na mzigo. Humkalisha mwenye pikipiki kitini, humwita kijana yeyote anayepita akae nyuma, na kama kuna gunia dukani huliazima likafungwa pembeni. Kisha yeye mwenyewe huvuka barabara, husimama mbali upande wa pili, hupiga kelele: “Breki! Kushoto! Breki tena!” Akiona taa moja imemezwa, hurudi, hufungua skurubu, huisogeza kidole kimoja nje, huvuka tena. Wapita njia humwona kama mzee anayejisumbua. Mimi naona hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, kuliko hata kwenye lehemu. Taa iliyojaribiwa na aliyekaa kwenye pikipiki haijajaribiwa, kwa kuwa mwenye pikipiki ndiye mtu pekee barabarani asiyeweza kuiona taa yake ya nyuma.

Ndani ya kiboksi cha kuwashia taa hizo kuna mambo ambayo mteja hayaoni. Taa ya kona inatakiwa kuwaka na kuzima kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu taa za vyombo vya moto zinasema hivyo, na mzee huwa anaipatia katikati, 90. Anatumia chipu ndogo ya miguu minane, ile 555 ambayo kila fundi wa Afrika Mashariki ameishika, pamoja na resista ya kilo-omu 47, nyingine ya 2.2, na kapasita ya mikrofaradi 10. Kapasita hiyo ndiyo huichagua kwa muda mrefu. Huigeuza mkononi akitafuta maandishi ya nyuzi 105, na ya nyuzi 85 huirudisha kwenye kopo hata kama ni mpya. Karibu na injini, juani, ile ya 85 hukauka mapema, na inapokauka taa huanza kupepesa haraka haraka mpaka haisemi kitu tena.

Hesabu ya dayodi za mwanga nayo ina uaminifu wake. Betri imeandikwa volti 12, na wengi hupiga hesabu kwa 12: dayodi tatu nyekundu kwenye mstari mmoja, resista ya omu 300, basi. Lakini injini ikishanguruma umeme wa pikipiki hupanda kupita 14, na taa iliyopigiwa hesabu ya 12 huwaka kwa fahari wiki za kwanza, halafu hufa mojamoja. Mzee huweka omu 470. Taa yake dukani inaonekana imepoa kidogo kuliko ya jirani, na kwa sababu hiyo amepoteza wateja ambao huchagua kwa macho. Hajabadilisha. Bodi yake huifunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu barabara ya vumbi na mashimo hupasua lehemu kabla ya kitu kingine chochote, na waya huuacha na kitanzi kidogo ili usukani ukigeuka usivutike.

Ujuzi huu haukutoka shuleni. Butembo uliishi miaka mingi bila umeme wa taifa, mji wa wafanyabiashara wakubwa, wenye makontena kutoka Dubai na Guangzhou, ukiwashwa kwa jenereta. Katika utoto wangu mafundi redio walipasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la makala. Vyuma vilikuwa viwili: kimoja mkononi, kingine motoni, na fundi alipaswa kumaliza kiungo kabla chuma hakijapoa. Mama alinituma na redio ya nyumbani, iliyofungwa kwenye kitenge, na onyo nisiiangushe. Nilikaa kwenye benchi pamoja na watu wazima waliosubiri sauti irudi, maana bila redio hatukujua vita vimefika wapi wala barabara ipi imefungwa. Fundi hakuzungumza wakati chuma kiko mkononi. Aliunganisha, akapuliza, akavuta waya kwa nguvu kuona kama umeshika, na ukichomoka alianza upya bila kulalamika. Redio ikisema, watu wote kwenye benchi walinyamaza kusikiliza, hata wale ambao yao ilikuwa bado mbovu. Mkono ule uliofundishwa na makala, usioruhusiwa kukosea kwa kuwa chuma kinapoa, ndio ninaouona leo juu ya taa ya pikipiki, na sijui kama vijana wanaokaa karibu na mzee wataurithi.

Vifaa vyenyewe vina ukoo wa mbali. Taa nyekundu ya dayodi ilionyeshwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962. Ile 555 ilibuniwa na Hans Camenzind, Mswisi, mwaka 1971. Hawakuijua Butembo. Na huku kwetu, mwaka 2013, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi aliweka kwenye njia panda za Kinshasa maroboti ya kuongoza magari, ya alumini, yanayotumia nguvu ya jua, yaliyotengenezwa Kongo kwa mikono ya Wakongo. Dunia ilikuja kuyapiga picha, na ilistahili. Lakini roboti huongoza penye njia panda. Kwenye barabara yetu, kati ya Maboya na Beni, hakuna roboti, wala taa ya barabarani. Kila motari anajibeba na alama zake.

Nani anazijali alama hizo? Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi kidogo ya mmoja katika watano ni wa pikipiki na bajaji. Sheria yetu ya barabara ni ya Agosti 30, 1978, na kwenye vizuizi vya Butembo na Beni nimeona motari akiulizwa karatasi, akiulizwa kofia, akiulizwa na mambo mengine. Kuulizwa akanyage breki ili taa ionekane, sijaona. Swichi ya breki ya nyuma, ile ndogo yenye springi karibu na kanyagio, hujaa tope msimu wa kwanza wa mvua ikanata, na motari huishi nayo hivyo mwaka mzima.

Huko Beni mambo yalikuwa mazito zaidi. Tangu mauaji ya Oktoba 2014, pikipiki zilikatazwa mara kwa mara kutembea usiku, na Mei 2021 jimbo zima liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Watu waliozoea kufika nyumbani kabla ya giza waliacha kutengeneza taa. Walikuwa na sababu, na sina neno la kuwalaumu waliokuwa wakizika watu wao. Ila mazoea yaliyozaliwa na hofu yamebaki hata pale ambapo njia imefunguka, na kizazi kizima cha motari kimejifunza kazi bila kujifunza taa.

Nafasi iliyoachwa imejazwa na mapambo. Madukani sasa zinauzwa kanda za taa zinazobandikwa kwa gundi: bulu, zambarau, kijani, zinazokimbia mbio, zinazofuata muziki. Mbaya kuliko zote ni ile nyeupe inayopigapiga, ikabandikwa nyuma. Mwanga mweupe barabarani maana yake ni chombo kinakuja kwako. Mwenye kukufuata akiona nyeupe mbele yake usiku atadhani mnakutana, atakwepa upande usiofaa. Na anayebandika bulu na nyekundu pamoja ameazima alama ya polisi na ambulansi. Siku ambulansi itakapokuja kweli na mgonjwa ndani, nani atapisha? Haya ni matawi yaliyoachwa barabarani baada ya gari kuondoka, isipokuwa sasa yamewekwa makusudi, na yamelipiwa.

Wanafunzi wa elektroniki wapo, kwenye shule na taasisi zetu, na wengine huchagua pikipiki kama somo la kazi yao ya mwisho. Nimeona michoro mizuri: kofia yenye taa ya breki inayopokea ishara bila waya, kifaa kinachotambua pikipiki ikipunguza mwendo hata kama kanyagio halikuguswa. Hufanya kazi mezani, mbele ya walimu, na alama hutolewa. Kisha kitabu hufungwa kwenye kabati la maktaba. Kati ya kabati hilo na baraza la mzee ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, lakini mwanafunzi hampelekei mzee mchoro wake aambiwe ni waya upi utakatika kwanza, na mzee hana wa kumwachia anachojua kuhusu tope, joto na likoti la abiria. Hilo linaniuma kuliko kanda za bulu. Kanda zitachakaa zenyewe. Ujuzi wa mzee akifa nao, hatutaupata kwa kuagiza kontena.

Kwa hiyo nina maombi. Mfanyabiashara unayekwenda Guangzhou, unapojaza sanduku la taa za kucheza, nunua pia mfuko wa kapasita za nyuzi 105 na swichi za breki. Ni vitu vidogo, na mafundi wa Butembo na Beni watavimaliza. Mwalimu wa elektroniki, mpe mwanafunzi wako alama baada ya pikipiki yake kwenda Beni na kurudi na mzigo. Wenye vyama vya motari, wekeni siku ya kukagua taa kama mnavyoweka siku ya mchango. Nawe motari, kesho kabla ya kutoka, mwambie mkeo au mtoto asimame nyuma ya pikipiki ikiwa imeshapakiwa, ukanyage breki, uulize: “Inaonekana?” Akikuambia hapana, usiondoke. Fundi yupo barazani tangu saa mbili asubuhi.