Mlo wa Chatu Aliyekonda Upimwe kwa Mizani

Chatu aliyekonda huonekana mkubwa kuliko alivyo. Mtu anamkuta ndani ya sanduku la mbao au gunia la pamba, anamnyoosha, anaona ni mita mbili na nusu, na huruma inamtuma akamate kuku mzima. Kuku huyo anaweza kuwa mlo wake wa mwisho. Nataka kueleza kwa nini, halafu tupige hesabu ya mlo ulio salama, hesabu ambayo mtu wa kijijini kama Bukundi, huku Usukumani, anaweza kuifanya kwa kamba, daftari na mizani ya kuazima.

Usukumani chatu si mgeni wa binadamu. Mwaka 1946 Hans Cory aliandika katika jarida la Africa kuhusu Buyeye, chama cha mafundi wa nyoka ambacho wanachama wake wanajua kumshika, kumbeba na kutibu waliogongwa. Mpaka leo chatu huzungushwa mabegani uwanjani ngoma zinapochezwa baada ya mavuno, na watu hujaa kumtazama. Ujuzi wa kumshika upo, na ni wa vizazi. Ujuzi wa kumrudishia mwili chatu aliyeachwa bila chakula kwa miezi ni jambo jingine, na sijausikia ukizungumzwa sana.

Kabla ya yote, chatu ni mnyamapori, na kumweka kwake kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Ukimpata, toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au askari wa TAWA, mamlaka inayosimamia mapori ya akiba, likiwemo la Maswa. Lakini kati ya simu hiyo na siku gari linapofika zinaweza kupita siku nyingi, na mnyama anapaswa kuzivuka akiwa hai. Hizo ndizo siku ninazozizungumzia.

Tuanze na urefu. Mwaka 2007 mtafiti Marshall McCue, wa Chuo Kikuu cha Arkansas nchini Marekani, alichapisha matokeo ya kuwaacha nyoka wa aina 3 bila chakula kwa karibu miezi 6. Mmoja wa aina hizo alikuwa chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ndugu wa chatu wetu. Walipoteza kati ya asilimia 9 na 24 ya uzito wao. Baadhi yao walipunguza matumizi ya nishati kwa hadi asilimia 72. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba waliendelea kurefuka. Nyama ilikuwa inaliwa kutoka ndani, na mifupa inasonga mbele.

Kwa hiyo futi inapima umri na mifupa, haipimi afya. Chatu wawili wa mita mbili na nusu, mmoja mnene na mmoja mgongo umechongoka kama paa la nyumba, hawawezi kupewa mlo mmoja. Hata kanuni ya wafugaji, kwamba windo lisizidi unene wa nyoka, hupotoka mtu anapotazama kichwa au mdomo. Taya za chini za chatu hazikuunganishwa kidevuni kwa mfupa; zimeshikwa na kano zinazovutika. Mdomo utapitisha kitu ambacho tumbo halitakiweza.

Na tumbo ndilo lenye siri. Katika miaka ya 1990 Stephen Secor na Jared Diamond walimchunguza chatu wa Burma, aina ya Asia, wakimpima kabla na baada ya kula. Walichokikuta ni kiwanda kinachozimwa kila baada ya kazi. Chatu asipokula, utumbo wake husinyaa na tumbo huacha kutoa asidi. Akimeza windo lenye uzito wa robo ya uzito wake, utumbo mwembamba huongezeka karibu maradufu katika siku moja au mbili, ini na figo navyo hukua, na asidi kali hujaa tumboni. Kazi hiyo ina gharama. Kwa mlo wa kiasi hicho, karibu theluthi ya nishati iliyomo kwenye chakula hutumika katika kukimeng'enya tu. Mlo uliokaribia uzito wa nyoka mwenyewe ulipandisha matumizi ya oksijeni hadi mara 44.

Angalia mpangilio wa malipo hayo. Mashine inawashwa kwanza, chakula kinafyonzwa baadaye. Kwa hiyo mtaji wa kuwasha lazima utoke kwenye akiba ya mwilini, na chatu tunayemzungumzia hana akiba. Mafuta yamekwisha, misuli ya mgongo imeliwa nusu. Kumpa kuku mzima ni kumdai mkopo mtu aliyefilisika. Windo likizidi nguvu zake, litaoza tumboni kabla halijameng'enywa, naye atalitapika, au atakufa nalo ndani.

Kuna hatari ya pili, na hii wauguzi wetu wanaijua vizuri kuliko wafuga nyoka. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akilazwa hospitalini hapewi ugali na maharage siku hiyo. Huanzishiwa maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa mililita 100, kidogo kidogo usiku na mchana, na akitulia ndipo huhamishiwa F-100. Sababu ni kwamba chakula kingi cha ghafla huamsha insulini, nayo huzisukuma fosforasi na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Mwili uliokaukiwa madini hayo hubaki na damu isiyo nayo, na moyo huyumba. Madaktari wa wanyama watambaao wanahofia jambo hilohilo kwa nyoka waliokonda. Ila mfano wa mtoto tuuchukue nusu. Mtoto hupewa kidogo mara nyingi. Chatu hupewa kidogo kwa nafasi ndefu, kwa kuwa kila mlo unawasha kiwanda upya na lazima umalizike kabla ya mwingine.

Sasa hesabu. Tuseme chatu wetu ana kilo 4. Mpime akiwa ndani ya gunia kwa mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kliniki ya watoto, kisha toa uzito wa gunia. Siku za kwanza hapewi chakula kabisa. Anapewa maji: beseni pana la maji ya vuguvugu yasiyofika kichwani, nusu saa kwa siku, mtu akiwa karibu, na maji safi ya kunywa wakati wote. Anapewa joto la nyuzi 28 hadi 32 upande mmoja wa sanduku, ili achague mwenyewe. Usiku wa Juni na Julai, baridi inaposhuka, chupa za maji ya moto zilizofungwa kitenge husaidia mpaka alfajiri. Bila joto asidi haifanyi kazi, na hesabu yote inayofuata ni bure. Kupe waliojificha chini ya magamba watolewe siku hizo, maana nao wanakunywa damu yake.

Baada ya siku 5 hadi 7 mpime tena. Huenda sasa ana kilo 4.2. Usishangilie, hayo ni maji. Hata hivyo ndio uzito wa kuanzia.

Chatu mzima wa afya njema hupewa karibu asilimia 10 ya uzito wake. Kwa huyu mimi ningeanza na asilimia 3, yaani gramu 126. Hao ni vifaranga 3 wa siku moja, wenye gramu 40 hivi kila mmoja, au panya shamba 2 wakubwa. Napendelea mawindo madogo mengi kuliko windo moja la uzito uleule, kwa sababu asidi hushambulia kutoka nje, na vitu vidogo vina ngozi nyingi ya kushambuliwa. Kwa kipimo cha unene tumia kamba ya katani: izungushe sehemu nene ya mwili wa chatu, weka alama, kisha izungushe windo. Milo ya mwanzo isifike nusu ya alama hiyo.

Windo liwe zima, limekufa, na limepashwa joto. Panya hai anaweza kumng'ata nyoka asiye na nguvu za kujitetea. Mnofu wa ng'ombe haufai, kwani hauna mifupa, na chokaa ya mifupa ndiyo anayoihitaji. Maziwa hayamhusu. Na panya aliyeokotwa shambani asitumike hata akionekana mnono, kwa sababu huenda amekula sumu, na sumu hiyo itaendelea na kazi ndani ya chatu. Tega mwenyewe, ndani ya nyumba isiyowekwa sumu.

Akishameza, asiguswe. Kumshikashika ndiko chanzo cha kutapika kinachosahaulika zaidi, na nyumba yenye chatu haikosi wageni. Mlo wa pili usubiri kinyesi, hata kama siku 10 au 14 zimepita. Kinyesi kikitoka ndipo apimwe, kwa maana uzito wa kabla ya hapo ni wake pamoja na wa vifaranga. Tuseme ana kilo 4.15. Mlo wa pili uwe asilimia 4, gramu 166. Wa tatu asilimia 5 ya uzito wa siku hiyo. Baki hapo kwa milo miwili au mitatu, halafu panda polepole kuelekea 10. Kila mara zidisha kwa uzito wa siku hiyo, kamwe si kwa kilo 7 unazodhani alikuwa nazo zamani.

Akitapika, yote yanarudi nyuma. Utando wa koo umeungua kwa asidi, maji yamepotea. Wiki 2 bila chakula, joto likaguliwe upya, kisha nusu ya mlo uliotapikwa. Ni vigumu kumtazama mnyama mwenye njaa kwa wiki 2 bila kumpa kitu, lakini McCue ametuonyesha kwamba nyoka anajua kusubiri. Akitapika mara ya pili, huenda kuna minyoo au ugonjwa wa tumbo, na anahitaji daktari wa mifugo, sio panya mdogo zaidi.

Katika daftari kila mlo uwe na mstari mmoja: tarehe, uzito kabla ya kula, gramu alizopewa, aina ya windo, siku ya kinyesi. Gari la wanyamapori litakapofika, daftari hilo liende pamoja naye, na atakayempokea aanzie kwenye mstari wa mwisho.